Kidude Chini ya Usukani

9 Februari

Baba, shikamoo.

Naandika kwa sababu simu umenikatia. Ulisema simu ni ya dharura na kwamba mimi nikianza kuongea sipumui. Sawa. Barua unaweza kuichana ukitaka, lakini hutanikatia katikati ya sentensi.

Hicho kidude ulichonunua hakipunguzi mafuta. Sisemi kinapunguza kidogo, wala sisemi inategemea na gari. Hakifanyi kitu. Wateja wawili wameshaniletea vya namna hiyo hapa gereji, na kimoja nilikipasua kwa bisibisi mwenyewe akiwa amesimama pembeni yangu. Ndani kulikuwa na taa ndogo ya kijani, kipande cha waya na gundi nyingi. Ukikichomeka chini ya usukani, kwenye lile tundu tunalopimia gari, taa inawaka, na mtu akiona taa anaamini kuna kazi inafanyika. Injini haina hata habari kama kidude kipo.

Angekuwa mtu mwingine ningemwacha na taa yake. Lakini wewe umeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na moja. Hospitali nzima mpaka leo wanakuita King'ora. Ukisema neno kuhusu gari, watu wanalichukua kama lilivyo. Jirani yako wa duka la vioo amenipigia kuniuliza anunue kimoja au anunue viwili, maana ana pikipiki pia. Baba, nilikaa chini kwenye tairi nikashika kichwa.

Kirudishe kwa aliyekuuzia. Kama amehama, kitupe. Unampeleka shangazi kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumanne na kila Ijumaa, na gari la safari kama hiyo halifai kuchomekwa vitu ovyo ovyo.

Wasalimie mama na shangazi.

Mwanao,
Spana


20 Februari

Spana,

Marahaba. Barua nimeisoma yote, sikuichana. Mama yako ndiye aliyetaka kuichana.

Sasa nisikilize mimi. Nani alikufundisha kushika usukani? Nani alikupa jina hilo la Spana, ulipokuwa unalala na spana namba kumi na nne chini ya mto? Leo umepasua kidude cha mtu mmoja huko, umekuwa profesa.

Mimi siongei kwa taa. Naongea kwa vipimo. Nina daftari, na unajua daftari langu halijawahi kusema uongo. Kabla ya kidude, lita moja ilinipeleka kilomita tisa. Ni miaka mingi ni tisa hiyo hiyo. Tangu nimekichomeka, lita moja inanipeleka kilomita kumi na mbili. Kumi na mbili, binti yangu. Hebu nieleze hizo tatu zimetoka wapi kama si kwenye kidude.

Tena hakikuja kihuni. Kilikuja na karatasi ya maelekezo, na mama yako amenisomea mara mbili. Nakunakilia ili ujue hawa ni watu wa kazi: "Kwa matokeo bora, dereva asizidi kilomita hamsini kwa saa. Asikanyage mafuta wala breki kwa ghafla. Aondoke mapema kabla ya foleni. Aepuke safari zisizo za lazima. Kifaa kinahitaji siku themanini ili gari lijifunze." Tapeli gani anajisumbua kuandika yote hayo?

Na jambo la mwisho. Shangazi yako zamani alikuwa anarudi kutoka kwenye mashine anatapika njia nzima. Sasa anakaa ametulia, mara nyingine anasinzia. Wewe hukuwepo siku ile ya gari la kukodi, dereva alipomtandikia nailoni kwenye kiti kabla hajamruhusu kukaa, utadhani anapakia samaki. Dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Nilisema siku hiyo, mbele ya huyo dereva, kwamba hatapanda tena gari la mtu. Kwa hiyo kinachomfaa dada yangu kimenifaa mimi.

Usinifokee tena.

Baba yako


1 Machi

Baba, shikamoo.

Sijakufokea. Wewe ndiye unayenifokea kwa kalamu. Mistari yako inapandana, maneno mengine yameangukia juu ya mengine, na pembeni mwa ukurasa nadhani umeandika mpaka kwenye meza, maana maneno yamekatika. Ulikuwa unaandikia ndani ya gari? Punguza hasira, nisome.

Asante kwa karatasi. Nimewasomea mafundi wenzangu hapa wakati wa chai, na wamecheka mpaka mmoja akapaliwa. Baba, hiyo karatasi ndiyo inayopunguza mafuta. Mtu akiendesha chini ya hamsini, asikanyage kwa ghafla, aondoke kabla ya foleni, na asiende mahali bila sababu, atapunguza mafuta hata akifunga ndizi kwenye usukani. Ndiyo ujanja wao wote. Wanakuuzia taa, wanakupa na sheria, unafuata sheria, halafu unaishukuru taa. Na hizo siku themanini wamezihesabu vizuri, ukija kustuka wao wameshahama mtaa.

Kinachonishangaza ni wewe kufuata karatasi. Wewe hujawahi kufuata karatasi yoyote. Kabati la jikoni umelifunga bila kusoma maelekezo, mpaka leo mlango unafungukia ukutani. Na mguu wako naujua. Uliwahi kumfikisha mama mjamzito hospitali kabla ya simu ya kusema yuko njiani.

Basi tufanye jaribio la haki, maana nimechoka kubishana na daftari. Chomoa kidude, kiweke kabatini. Jaza tangi mpaka mdomoni. Endesha mwezi mzima kama unavyoendesha sasa, halafu jaza tena mpaka mdomoni, pampu ile ile. Niandikie kilomita na lita. Ukirudi kwenye tisa, mimi nitaomba radhi kwa barua, nitanunua kidude kimoja na nitakivaa shingoni.

Mwanao,
Spana


8 Aprili

Spana,

Nimefanya ulivyotaka. Kidude kimekaa kabatini mwezi mzima, kwenye bakuli la vifungo vya mama yako. Majibu ni haya: kilomita mia tatu themanini na nne, lita thelathini na mbili. Gawanya mwenyewe. Ni kumi na mbili.

Kwa hiyo bila kidude ni kumi na mbili, na kwa kidude ni kumi na mbili. Najua unavyofikiri, unafikiri umenikamata. Hujanikamata. Karatasi imesema wazi kwamba baada ya siku themanini gari linakuwa limejifunza. Nilikichomeka tangu mwanzo wa Desemba, kwa hiyo limeshajifunza. Nimekirudisha mahali pake hata hivyo, kwa usalama.

Naomba mazungumzo haya yaishe. Una magari ya watu huko ya kutengeneza. La kwangu halijaharibika.

Baba yako


15 Aprili

Baba,

Shikamoo, halafu naomba uniwie radhi kwa ninayotaka kusema, kwa sababu nimekaa siku tatu nikijizuia na nimeshindwa.

Gari halijifunzi. Gari ni chuma na mpira. Haliendi shule. Kama kidude kimetoka na kumi na mbili zimebaki, basi kilichobadilika hakikuwa kwenye gari. Mwanzo nilidhani unanipikia namba ili ushinde, na nilikasirika, maana nimekuona ukimkatalia mkuu wa hospitali mbele za watu alipotaka uandike safari ambayo hukwenda. Nikasema huyu mzee, kwa ajili ya taa ya gundi, leo ananidanganya mimi.

Halafu nikarudi kwenye namba zako. Kutoka nyumbani mpaka hospitali ni kilomita ishirini na nne. Kwenda na kurudi, arobaini na nane. Mara mbili kwa wiki, wiki nne. Inakuja mia tatu themanini na nne kamili. Hakuna hata kilomita moja imebaki. Mwezi mzima, baba, hukwenda popote pengine. Wewe, unayewasha gari kwenda kununua kiberiti. Rafiki yako wa kucheza bao anakaa ng'ambo ya mji, hukwenda kwake. Gari limetoka kwenda hospitali na kurudi tu.

Sitaki majibu yako kuhusu kidude. Kidude nimekisamehe. Nataka kujua kwa nini King'ora anaendesha gari kama amebeba mayai, na kwa nini haendi popote. Na samahani, sikuulizi wewe, maana utaniandikia karatasi ya maelekezo nyingine. Namuomba mama anijibu.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Baba yako ameenda kunyolewa, kwa mguu. Nina kama saa moja hivi. Barua yako niliisoma kabla yake, halafu nikamsomea nikaruka mahali uliponitaja mimi. Usinihukumu kwa hilo, wewe huishi na sisi.

Baba yako haoni pembeni. Mbele anaona, ukimwonyesha mtu aliyesimama mbali mbele yake atakwambia mpaka rangi ya shati. Lakini kitu kikitokea kushoto au kulia ni kama hakipo, mpaka kimfikie puani. Ilianza mwaka jana, mwezi wa nne. Aligonga ndoo ya jirani, akasema jirani ameiweka vibaya. Aligonga nguzo ya geti, akasema nguzo imesogea. Baadaye visingizio vikamwishia.

Tangu hapo mimi nakaa mbele, wifi anakaa nyuma. Mimi namwambia. Baiskeli kushoto. Kuna mama anataka kuvuka kulia. Subiri, bado, bado, haya twende. Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kumeshapambazuka, magari yakiwa machache, na miadi ya wifi ni saa tatu, kwa hiyo tunakaa kwenye benchi la nje tunangoja mpaka wafungue mlango. Watu wa mtaani walianza kuuliza. Yule wa duka la vioo alimwambia mbele za watu, King'ora siku hizi unaendesha kama bibi harusi, umepatwa na nini. Baba yako alirudi nyumbani hakula. Kesho yake alikuja na kile kidude na ile karatasi, akanipa nimsomee, akasema, sasa wakiniuliza nitawaambia ni maelekezo.

Nilimsomea. Nilikichomeka mwenyewe, yeye alikuwa halioni lile tundu.

Kuna jambo jingine na ndilo limenifanya niandike. Ijumaa iliyopita wifi aliniomba maji, nikainama kutafuta chupa. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mkokoteni upande wangu, na mtu anayeusukuma alikuwa ameshauachia akaruka. Tuligonga mzigo wake wa makopo. Mtu hakuumia. Baba yako alishuka, akaokota makopo yote, akaomba radhi, akarudi ndani ya gari, akaweka ufunguo mapajani mpaka wifi alipomwambia tutachelewa. Ni sekunde ngapi kutafuta chupa ya maji, mwanangu?

Usimwambie nimekwambia.

Mama yako


29 Aprili

Baba, mama, na shangazi,

Barua hii isomwe kwa sauti, wote watatu mkiwa mmekaa, na asirukwe mtu.

Mama, umeniomba nisiseme, na mimi nasema. Unikasirikie, nitakuja kupiga magoti, lakini nitapigia magoti watu walio hai. Mwaka mzima mmekuwa mkifanya hivi. Mwaka mzima mimi niko huku natambia watu kwamba baba yangu hajawahi kugonga mtu, huku mmejipanga watatu ndani ya gari moja, mmoja haoni, mmoja anaona kwa niaba yake, na mmoja mgonjwa nyuma. Na mimi nabishana kuhusu taa. Nimeandika barua tatu kuhusu taa. Nimewasomea watu karatasi ile wakacheka, na mimi nikacheka nao. Naona aibu.

Baba, nimekukasirikia sana. Si kwa macho, macho hukuyaomba. Nimekukasirikia kwa sababu ulijua. Angekuwa dereva wa chini yako amefanya hivi na gari la wagonjwa, ungemnyang'anya ufunguo mbele ya wafanyakazi wote na ungemwita muuaji. Nakujua. Umemfanya mama kuwa macho yako na hukumwuliza kama anaweza kubeba hilo. Siku angechelewa kusema, mtu angekufa na yeye angejiona ndiye aliyeua, siyo wewe.

Usiwashe hilo gari tena. Nakuomba kama mwanao, na kama fundi nakukataza. Nenda kwa daktari wa macho wiki hii.

Mwanenu


6 Mei

Spana,

Wamenisomea. Mama yako alisoma mpaka pale pa muuaji akashindwa, dada akamalizia. Dada ana sauti kavu, kwa hiyo nililisikia vizuri.

Huna haja ya kunituma kwa daktari. Nilikwenda mwaka jana, peke yangu, kwenye kliniki ya upande wa pili wa mji ambako hakuna anayenijua. Ni presha ya macho. Daktari amesema kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Natia matone kila siku, mama yako anadhani ni ya vumbi. Kwa hiyo ndiyo, nilijua. Nilijua kabla ya ndoo ya jirani.

Umeshinda kuhusu kidude. Hakipunguzi mafuta. Hata siku naenda kukinunua nilijua hakipunguzi, nimeishi na magari kabla hujazaliwa. Yule kijana aliyeniuzia alikuwa anaongea na watu pale kituo cha mafuta, anasoma ile karatasi kwa sauti, dereva asizidi hamsini, asiende safari zisizo za lazima, na mimi nikasimama nikasikiliza kila neno. Nilinunua karatasi, Spana. Kidude nilikichukua kwa sababu hawakuwa wanauza karatasi peke yake. Na kilifanya kazi niliyokinunulia. Hakuna aliyeniuliza tena. Ila wewe na kilomita zako.

Ufunguo nimempa dada, ameufunga kwenye kona ya khanga yake. Sasa niambie, wewe mwenye majibu yote. Kesho kutwa ni Ijumaa. Mashine haingoji. Akikosa mara moja anavimba miguu, akikosa mara mbili hujui kitakachotokea. Mama yako hajui kuendesha. Wewe uko mbali. Nilimwahidi dada yangu hatatandikiwa nailoni tena, na ahadi hiyo niliishika kwa macho nusu kwa mwaka mzima. Umenikataza, sawa, nimekatazika. Lakini hukuniambia nani atambeba.

Sijui kukaa tu. Naamka asubuhi natafuta ufunguo mfukoni.

Baba yako


11 Mei

Mwanangu Spana,

Mimi ni shangazi yako. Nyote mmeandikiana kuhusu mimi tangu mwezi wa pili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Ni figo zilizokufa, mdomo ni mzima.

Nilijua kuhusu macho ya baba yako kabla ya mama yako kujua. Mimi ndiye nakaa nyuma, sina kazi nyingine ila kutazama. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kupelekwa na mdogo wangu. Nisamehewe kwa hilo, ni uchoyo. Nilikuwa najiambia nikifa ndani ya gari hilo si neno, siku zangu zimeshakuwa chache. Sikumfikiria mtu wa mkokoteni. Siku ya yale makopo ndipo nilipomfikiria.

Ijumaa nimekwenda na gari la kukodi. Nilibeba shuka langu mwenyewe, lile la maua, nikalitandika kwenye kiti kabla dereva hajafungua mdomo, nikakaa. Akawasha gari. Baba yako alisimama getini tangu nilipotoka mpaka niliporudi, mama yako ndiye ameniambia. Mwanamume mzima amesimama juani muda wa saa sita.

Lakini gari la kukodi halitafaa siku zote, wanachelewa, na zamani dereva mmoja hakuja kabisa ikabidi tuhangaike. Sasa nisikilize. Mama yako anaijua ile barabara kuliko baba yako na kuliko wewe. Anajua wapi watoto wa shule wanavuka, wapi lori linatokea bila kuangalia, wapi pana shimo mvua ikinyesha. Mwaka mzima wifi ameendesha gari hilo kwa mdomo. Kilichobaki ni mikono na miguu. Nilipomwambia ajifunze alisema yeye ni mzee, mara mwoga, mara baba yako alishasema zamani dereva mmoja anatosha kwenye nyumba. Nilimwambia, wifi, huyo mmoja ndiye amekwisha.

Njoo umfundishe. Siyo baba yako, atamtia wazimu. Ufunguo ninao mimi, na simpi mtu mpaka ufike.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mwenye gereji amenipa wiki sita na amenuna. Nafika Jumamosi. Mwambie mama atafute viatu vya kisigino kifupi.

Spana


4 Julai

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, nimerudi kazini, kuna magari kumi na moja yananingoja na kila mwenye gari anasema lake ndilo la haraka.

Leseni ya mama iko kwenye droo ya juu, asiibebe kwenye pochi ya sokoni. Kuanguka mtihani wa kwanza si aibu, mimi mwenyewe nilianguka na uliniambia ni mtahini aliyekosea. Kwa nini mama hukumwambia hivyo hivyo? Ulimwambia aligeuka kama meli. Nilikuwepo, nilisikia.

Sasa nakuomba mambo machache na nakuomba kwa upole, ingawa upole umeniishia wiki ya pili. Usishike breki ya mkono mama akiwa anaendesha. Usikanyage sakafu kwa mguu kana kwamba kuna breki upande wako, hakuna. Usiseme "mimi ningepita." Usihesabu kwa sauti sekunde anazongoja. Na kama huwezi, basi usikae mbele. Shangazi amenipa ruhusa niandike hivyo, amesema nyuma kuna nafasi.

Tia matone yako mbele ya mama. Ameshajua si ya vumbi.

Mwanao


19 Septemba

Spana,

Marahaba, mwanangu. Niwie radhi kwa kuchelewa. Nimeandika barua hii kwa siku tatu, mistari michache kila asubuhi, na dada ameweka rula chini ya kila mstari ili nisipande juu ya mwingine.

Nina malalamiko. Mama yako anaendesha kama amefukuzwa. Tunatoka saa mbili, tunafika mapema, ameshapiga honi mara ambazo mimi sikupiga kwa mwaka. Juzi alimwambia dereva wa lori neno ambalo sikujua kwamba analijua. Lita moja sasa inakwenda kilomita nane. Nane. Nimemwambia akasema yeye hana karatasi ya maelekezo. Yule wa duka la vioo anamwita King'ora mdogo, na mama yako amefurahi, anajifanya hajasikia ili arudie.

Breki ya mkono nilishika mara mbili tu baada ya wewe kuondoka. Mara ya pili alisimamisha gari pembeni, akazima, akashuka, akanifungulia mlango, akaninyooshea kidole kule nyuma. Sikubishana. Watu walikuwa wanatazama.

Kwa hiyo tangu mwezi wa nane nakaa nyuma na dada. Nataka nikwambie jambo hili, halafu usiniandikie kitu kirefu kuhusu hilo. Miaka thelathini na moja nimebeba wagonjwa, na sikuwahi kukaa nyuma hata siku moja. Niliwasikia tu. Wengine wanalia, wengine wanaita mama zao, na mimi nasema tunafika, tunafika, macho yangu yako barabarani. Nilidhani hiyo ndiyo huruma, kuwafikisha haraka. Dada nimempeleka kwenye mashine miaka miwili na sikujua anarudi anaonekanaje. Anakuwa na baridi, Spana. Hata jua likiwaka, anatetemeka kuanzia mabegani, anajikunja, na anatazama dirishani ili mtu asimwone. Miaka miwili alikuwa anafanya hivyo nyuma ya mgongo wangu, na mimi nilikuwa najisifu kwamba siku hizi ametulia.

Ijumaa wakati wa kurudi nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi. Alitaka kuuvuta, maana sijamshika mkono tangu nilipokuwa mtoto, yeye akinivusha barabara, akaniuliza una nini wewe. Nikamwambia sina kitu, nimekaa tu. Mama yako alikuwa anagombana na mwendesha baiskeli. Nilimshika dada mkono njia nzima mpaka nyumbani, na alipokwisha kupata joto alilala.

Baba yako